Kaburi la Archimedes

Kwa kuwa kuwazika wenzetu ni mojawapo ya kazi za chama hiki, tumeona yafaa kuwasimulia wazee wetu habari za Archimedes, Mgiriki wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, aliyezaliwa yapata mwaka 287 kabla ya Kristo.

Bwana huyu aliunda mitambo ya vita iliyowazuia Warumi wasiuingie mji wake upesi. Lakini alilolithamini kupita yote lilikuwa jambo la hesabu. Twaa mkebe wa mviringo na mpira unaoenea humo barabara, ukigusa ubavuni, kitakoni na kifunikoni. Mkebe ukijaa kwa vibaba 3 vya maji, mpira ukizamishwa utamwaga 2, na kibaki 1. Tena eneo la uso wa mpira ni theluthi mbili za eneo la mkebe wote, pamoja na kitako na kifuniko. Yeye ndiye aliyeyathibitisha hayo, akawausia jamaa zake waweke maumbo hayo mawili juu ya kaburi lake.

Mwaka 212 K.K. mji ulitekwa, naye akauawa na askari. Jemadari Marcellus alisikitika, akahakikisha amezikwa. Mwaka 75 K.K. Cicero, mtumishi wa serikali ya Rumi kisiwani humo, aliliulizia kaburi. Wenyeji wakakana kwamba lipo! Aibu hiyo, twakiri, si ya Syracuse pekee. Akalitafuta mwenyewe, akaona mpira na mkebe wa jiwe vikichungulia juu ya miiba. Wakaletwa watu wenye mundu, wakafyeka njia. Maandishi yalikuwa yamefutika karibu nusu.