Zayd bin Thabit (R.A.): Kijana Aliyesomea Lugha za Watu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kila Ramadhani kwenye darsa twakumbushwa kwamba daku ni suna kulichelewesha, na kwamba baina ya daku la Mtume (S.A.W.) na sala ya alfajiri palikuwa na muda wa kusoma kama aya 50. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyekula daku hilo pamoja na Mtume (S.A.W.) akatuletea habari yake? Ni Zayd bin Thabit (R.A.). Na huo msahafu unaoukhitimisha mwezi huu, kazi ya mkono wake imo ndani yake.

Zayd alizaliwa Madina katika Banu Najjar, ukoo wa kabila la Khazraj. Baba yake aliuawa katika vita vya Bu'ath, Khazraj walipopigana na jirani zao Aws, miaka michache kabla ya Hijra. Zayd alikuwa na umri wa kama miaka sita. Basi tangu udogoni alijua yanayotokea watu wa mji mmoja wasiposikizana.

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, Zayd alikuwa kama miaka 11. Jamaa zake wakampeleka kwa fahari, kwa sababu mtoto huyu alikuwa tayari amehifadhi sura 17. Akasoma mbele ya Mtume (S.A.W.), naye akapendezwa. Vita vya Badr vilipokuja akatamani kwenda, lakini hakuchukuliwa, umri wake ulikuwa mdogo. Wako wengi wangevunjika moyo hapo. Yeye njia yake ilikuwa nyengine.

Zama hizo Madina ilikaliwa na watu wa dini na makabila tofauti. Kulikuwa na barua za kusomwa na za kujibiwa, na nyengine ziliandikwa kwa maandishi ya Mayahudi. Mtume (S.A.W.) hakutaka siri za umma zipitie mikononi mwa watu wasiokuwa na dhamana nazo. Angeweza kutafuta mkalimani wa kukodi. Badala yake akamuamrisha kijana wake Zayd ajifunze. Zayd akayashika maandishi hayo kwa kama nusu mwezi tu! Imepokewa pia kwamba aliamrishwa kujifunza Kisiriani, akakijua kwa siku 17.

Hapa tuzingatie, ndugu zangu. Kuna wazee wanaoogopa kwamba kijana akisoma lugha na mambo ya watu wengine imani itampotea. Zayd huyu huyu, aliyesoma maandishi ya wasiokuwa wa dini yake, ndiye aliyekuwa akiitwa aje na wino na kalamu wahyi ukiteremka. Alisoma ya watu akiwa ameshika ya kwake barabara, na kila elimu aliipokea kama amana.

Wala msidhani alikuwa malaika. Katika Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, alibeba mchanga mpaka usingizi ukamshinda, mwenzake akamchukulia silaha yake kwa mzaha. Imesimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.) alimtania kwa huo usingizi, kisha akakataza Muislamu kutishwa kwa mizaha kama hiyo.

Mtume (S.A.W.) alipofariki mwaka 632, Ansari walikusanyika Saqifa na mambo yakataka kuharibika. Wengine walitaka kiongozi atoke kwao, wengine walitaka kila upande uwe na wake. Zayd alikuwa Ansari, kijana wa kama miaka 21. Akasimama akasema kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa katika Muhajirina, basi imamu naye atoke kwao, na Ansari wawe wasaidizi wake kama walivyokuwa wasaidizi wa Mtume. Si rahisi kijana kusimama mbele ya wazee wa kabila lake akasema neno la kuwapa wengine haki.

Kisha mahafidhi wengi wakauawa katika vita vya Yamama. Umar (R.A.) akamshauri Abu Bakr (R.A.) Qur'ani ikusanywe, na kazi akapewa Zayd. Aliogopa. Aliona hata kuhamisha jabali kungekuwa kwepesi zaidi. Hata hivyo aliifuatilia kwenye makuti ya mitende, kwenye mawe bapa na kwenye vifua vya watu, mpaka akaikusanya. Umri wake ulikuwa sawa na wetu sisi tulioko vyuo vikuu.

Zama za Uthman (R.A.) Uislamu ulikuwa umeenea. Hudhayfa (R.A.) alirudi kutoka upande wa Armenia na Azerbaijan akiwa na hofu, maana watu wa Sham na wa Iraq walikuwa wakigombana juu ya visomo. Uthman akamuita Zayd, akamuunganisha na Makureshi watatu: Abdullah bin Zubayr, Said bin al-As na Abdurrahman bin Harith. Sharti likawa, wakikhitalifiana na Zayd waandike kwa lugha ya Kikureshi, kwa kuwa ndiyo iliyoteremkia Qur'ani. Wakakhitalifiana katika neno "tabut", lililo katika Suratul Baqara aya ya 248. Zayd aliliona liishie kwa herufi ya "ha", Makureshi kwa "ta". Uthman akaamua "ta". Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo, na alikubali lugha ya kwao iwekwe kando ili umma usimame pamoja. Nakala zikapelekwa miji mikubwa.

Zayd aliishi akifundisha na kutoa fatwa, bingwa wa mirathi. Siku moja Ibn Abbas (R.A.), binamu yake Mtume, alimshikia kikuku apande mnyama wake, kwa kuwaheshimu maulamaa. Zayd naye akambusu mkono, kwa kuwaheshimu watu wa nyumba ya Mtume. Alifariki Madina, na iliyo mashuhuri ni mwaka wa 45 Hijria.

Wasomaji wapenzi, katika chama chetu tuko Waswahili, Wasomali, Waborana, Wanubi na ndugu zetu wa Mumias. Nami nakiri, madrasani tulikuwa tukimcheka mwenzetu wa bara kwa lafudhi yake, na leo naona haya. Kesho tutakuwa madaktari, mawakili na walimu wa watu tusiofanana nao dini wala lugha. Basi Ramadhani hii, pamoja na kukhitimisha, jifunze angalau maamkizi ya jirani yako kwa lugha yake.

Allah (S.W.) amridhie Zayd, azikubali saumu zetu na aziunganishe nyoyo zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.