Luz Long, mrukaji wa Leipzig

Jina la Jesse Owens tunalijua karibu sisi wote: mutu mweusi wa Marekani aliyepata medali 4 za zahabu kule Berlin mwaka 1936. Lakini ule aliyekuwa wa pili nyuma yake katika kuruka mbali, ni wachache wanamukumbuka.

Jina lake lilikuwa Carl Ludwig Long, watu walimuita Luz. Alizaliwa Leipzig, katika Ujerumani, tarehe 27/4/1913. Alisoma sheria kwenye Chuo Kikuu mpaka akapata cheo cha daktari wa sheria. (Ninyi munaotupa vitabu juu ya mupira, musikie!)

Tarehe 4/8/1936 Owens alikuwa mbele na metre 7,87. Long akaruka mara ya tano, naye akafika palepale: 7,87. Wajerumani wakapiga kelele ya furaha. Lakini Owens akarudia, akafikisha 7,94, kiisha 8,06. Long akabaki na medali ya feza.

Hapo njo alienda kumupongeza Owens mbele ya watu wote, na wakatembea wawili wakishikana mikono. Tukumbuke kama serikali ya Hitler ilikuwa inafundisha kwamba mutu mweusi hawezi kuwa sawa na Mujerumani. Kufanya vile katika uwanja wao haikuwa kitu kidogo.

Kuna hadisi nyingine inayopendwa sana, kama asubuhi ile Long alimuonyesha Owens fasi ya kurukia ili asikanyage mbele ya ubao. Owens mwenyewe aliisimulia miaka mingi, lakini nyuma alikubali kwamba walizungumuza kwanza michezo ilipokwisha. Kwangu mimi, hadisi ile tunaweza kuiacha. Pongezi ile iliyofanywa mbele ya watu inatosha, na picha ziko.

Mwaka 1937 Long aliruka metre 7,90, rekodi ya Ulaya. Kiisha vita ikaja, akaitwa jeshini. Julai 1943, wakati Waingereza na Wamarekani waliingia Sicilia, aliumizwa vibaya, akafa tarehe 14 katika mikono ya adui. Alikuwa na miaka 30. Amezikwa kulekule, Motta Sant'Anastasia.

Aliacha bibi na watoto wawili wanaume wadogo. Mwaka 1951 Owens alifika tena Ujerumani, akakutana na mumoja wa watoto wale.