Fundi Mackay na Zana Zake

Kabla hatujachambua mzizi -fund-, tusome habari za mtu ambaye maisha yake yanaueleza vyema.

Alexander Mackay alizaliwa Uskoti mwaka 1849. Alisomea uhandisi Edinburgh, akafanya kazi Berlin, kisha mwaka 1876 akafika Unguja pamoja na wamisionari wenzake wa Kianglikana. Alipowasili Kagei, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1878, alikuta shehena ya misheni imetawanyika, zana zimeshika kutu na mashua yao imeharibika. Aliitengeneza mashua hiyo, akavuka hadi Buganda.

Huko alifungua karakana yenye fuawe, keezo na kinoo cha gurudumu. Watu wa ikulu walistaajabia gurudumu likizunguka. Kabaka Mutesa, hata hivyo, alimthamini zaidi kwa mikono yake kuliko kwa mahubiri yake. Namasole, mama wa Kabaka, alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeagizwa kumtengenezea majeneza matatu, moja ndani ya jingine, mawili ya mbao na moja la shaba.

Basi ilimpasa kuchagua: awe fundi wa mfalme tu, au aufanye ufundi wake uwe njia ya kufundishia. Mwanzoni alifundisha kwa Kiswahili, lugha iliyoeleweka ikulu, huku akijifunza Kiganda. Kwa kuwa vitabu vya Kiganda havikuwapo, alichonga herufi za mbao, akapiga chapa karatasi za kusomea. Vijana waliozisoma wakaitwa wasomaji. Chini ya Kabaka Mwanga baadhi yao waliuawa, lakini wengine hawakuacha kusoma.

Mwaka 1887 Mackay alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Aliendelea kufua chuma na kutafsiri mpaka homa ilipomwua Februari 1890.

Sisi tunaojiandaa kufundisha Arua na Koboko huenda tukapewa darasa lenye wanafunzi wengi na kitabu kimoja. Tutakapopita mbele ya seremala akiranda ubao, huku kijana akimtazama na kusubiri zamu yake, tukumbuke kwamba fundi, fundisha na mafunzo ni maneno ya mzizi mmoja. Anayejua kazi bila kuwarithisha wengine amebaki na nusu ya neno.

Sasa tutafute katika habari hii nomino na vitenzi vyote vilivyotokana na mzizi huo.