Ambedkar: Aliyenyimwa maji akaja kuiandika katiba

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii inamstahili Bhimrao Ramji Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza kazi ya kuandika katiba ya India. Uhuru wa nchi hiyo unapozungumzwa, wengi humtaja Gandhi na Nehru. Ni wachache wakumbukao kwamba sheria kuu ya taifa hilo ilipitia mikononi mwa mtu ambaye utotoni hakuruhusiwa hata kugusa bomba la maji.

Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 mjini Mhow, katikati mwa India, baba yake akiwa askari katika jeshi la Waingereza. Walikuwa Wamahar, mojawapo ya jamii ambazo Wahindu wa matabaka ya juu waliziona kuwa najisi na kukataa kugusana nazo. Shuleni mtoto huyo alikalia gunia alilotoka nalo nyumbani, mbali na wenzake. Aliposhikwa na kiu, sharti tarishi wa shule aje kumfungulia bomba. Siku ambayo tarishi hakuwapo, alishinda na kiu yake.

Akili yake ilimfungulia milango ambayo kabila na nasaba zilikuwa zimeifunga. Mtawala wa Baroda alimfadhili, naye mwaka 1913 akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kisha London. Hatimaye alitunukiwa udaktari na vyuo vikuu vya miji yote miwili na kufuzu uwakili. Lakini aliporejea Baroda mwaka 1917 kumtumikia mfadhili wake, hakupata hata chumba cha kupanga. Alijisitiri katika nyumba ya wageni ya Waparsi kwa kujifanya mmoja wao, na alipogunduliwa akafukuzwa. Hapo akatambua kuwa elimu pekee haimwoshi mtu unajisi aliopakwa na jamii.

Mwaka 1923, Baraza la Kutunga Sheria la Bombay lilipitisha azimio la kuwaruhusu watu wote kuteka maji katika visima na mabwawa ya umma. Halmashauri ya mji wa Mahad ikaliafiki, lakini azimio likabaki karatasini. Tarehe 20 Machi 1927, Ambedkar aliongoza maelfu ya watu wake hadi bwawa la Chavdar mjini humo, akainama, akanywa. Waliojiona bora waliwashambulia kwa marungu, kisha wakafanya tambiko la kulitakasa bwawa. Kesi iliyofuata ilidumu miaka kumi kabla ya Mahakama Kuu ya Bombay kuwapa ushindi wanyonge hao mwaka 1937.

Ambedkar hakuwa mtu wa chama cha Congress. Mwaka 1932 alivutana vikali na Gandhi, aliyefunga kula gerezani kupinga mpango wa kuwapa wanyonge hao uchaguzi wao wa pekee. Ambedkar alikubali shingo upande kuuacha mpango huo, na badala yake wakatengewa viti zaidi mabungeni. Hata hivyo, India ilipojitawala mwaka 1947, serikali ya Nehru ilimteua kuwa Waziri wa Sheria. Wiki mbili baadaye akakabidhiwa uenyekiti wa kamati ya watu saba ya kuandaa rasimu ya katiba.

Hakuianza kazi hiyo patupu, kwani mshauri wa mambo ya katiba, B. N. Rau, alikuwa ametayarisha rasimu ya awali. Lakini ni Ambedkar aliyeitetea rasimu ya kamati bungeni, kifungu baada ya kifungu, ilhali afya yake ilikuwa ikizorota. Bunge la Katiba liliipitisha tarehe 26 Novemba 1949, nayo ikaanza kutumika rasmi tarehe 26 Januari 1950 ikiwa na vifungu 395.

Katiba hiyo iliweka Rais anayechaguliwa na wabunge wa taifa na wa majimbo, lakini utendaji ukawa wa Waziri Mkuu na baraza lake, wanaowajibika kwa bunge la wawakilishi wa wananchi. Bunge la pili likawa la majimbo. Mamlaka yakagawanywa kwa orodha tatu: ya serikali kuu, ya majimbo, na ya pande zote mbili. Kila mtu mzima akapewa kura, mwanamume na mwanamke, msomi na asiyejua kusoma. Kifungu cha 17 kikaharamisha desturi ya kuwaona watu kuwa najisi. Kifungu cha 15 kikataja waziwazi visima na mabwawa kuwa haki ya wote. Na ili yasitokee tena ya Mahad, kifungu cha 32 kikampa raia aliyenyimwa haki za kimsingi ruhusa ya kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu.

Lakini mwandishi huyo hakulewa sifa. Katika hotuba yake ya kufunga mjadala aliwaonya wenzake kwamba usawa wa kura hauwezi kudumu pasipo usawa wa maisha. Aliwatahadharisha pia wasimkabidhi kiongozi yeyote uhuru wao, hata awe mkuu namna gani. Mwaka 1951 alijiuzulu uwaziri, mswada wake wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki za ndoa na urithi ulipokwamishwa. Katika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya katiba hiyo, wa 1951 hadi 1952, aligombea kiti Bombay, akashindwa. Akaingia bungeni kupitia lile bunge la majimbo.

Mwezi Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huo huo. Ubaguzi alioupiga vita haujatoweka India hadi leo, na angali wapo wanaonyanyaswa kwa sababu ya nasaba zao. Tofauti ni moja, nayo si haba: mtoto anayezuiwa kisimani leo ana sheria upande wake. Aliyeiandika aliijua kiu hiyo, na alijua pia kwamba sheria isiyo na wa kuisimamia ni sawa na bomba lisilo na wa kulifungua.