Al-Farabi: Mwalimu Aliyekubali Kuanza Upya

Katika maisha ya wanazuoni, safari hii tunamtazama Abu Nasr Muhammad al-Farabi, aliyezaliwa yapata mwaka 257 Hijria (870) katika nchi za mashariki ya dola ya Kiislamu.

Mjini Baghdad alisoma mantiki kwa Yuhanna ibn Haylan, aliyekuwa Mkristo. Inasimuliwa pia kuwa alisoma nahau kwa Ibn al-Sarraj, naye Ibn al-Sarraj akasoma mantiki kwake. Elimu yake ikapea hata akaitwa al-Muallim al-Thani, Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa Aristotle wa Uyunani.

Miongoni mwa vitabu vyake ni Kitab al-Musiqa al-Kabir, yaani Kitabu Kikubwa cha Muziki. Maulamaa wamehitilafiana kuhusu ala, na hukumu yake tunawaachia walimu wetu wa fiqhi. Sisi tutazame jinsi mtu huyu alivyotafuta elimu.

Katika ala, alianza na udi, ambao watu wa pwani yetu tunaujua. Aliyeufahamu udi kama yeye angeweza kudhani kazi imekwisha. Al-Farabi hakudhani hivyo. Baada ya udi aliiendea tanburi, ala ya shingo ndefu na nyuzi mbili. Shingoni mwake huwa na vifungo, ambavyo Waarabu waliviita dasatin. Kidole kikibonyeza penye kifungo, uzi unaotetema hufupika na sauti hupanda.

Hapo alikuta mambo mapya. Katika tanburi ya Baghdad, vifungo vya kale vilivyonasibishwa na zama za Jahiliya vilipangwa kwa nafasi sawa. Uzi ulihesabiwa mafungu 40, na vifungo vikawekwa kwenye mafungu matano ya mwanzo. Kwa macho nafasi ni sawa, lakini kwa sikio sivyo, kwa kuwa sauti hufuata uwiano wa urefu wa uzi. Kila hatua huwa kubwa kidogo kuliko iliyotangulia.

Tanburi ya Khurasan nayo ilikuwa na vifungo vingi. Vitano havikubadilika, na vingine vilitofautiana nchi na nchi. Al-Farabi hakuzidharau ala hizi kwa kuwa hazikufanana na udi. Alizipima, akaandika alichokiona, kisha akaonyesha jinsi sauti zake zinavyoweza kulinganishwa na za udi.

Mwaka 942 aliondoka Baghdad kwenda Sham, na baadaye akawa kwa Amiri Sayf al-Dawla wa Halab. Ibn Khallikan, aliyeandika karne tatu baadaye, anasimulia kuwa alipiga ala barazani kwa Amiri, watu wakacheka, kisha wakalia, kisha wakalala. Anasimulia pia kuwa alitosheka na dirhamu 4 kwa siku. Kisa cha barazani kinapendwa sana, lakini vile vipimo ndivyo vilivyobaki na faida mpaka leo. Alifariki Damascus mwaka 339 Hijria (950). Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu mwanafunzi, elimu ni bahari. Huenda umehitimu fani moja na kusifiwa, kisha ukaingia fani nyingine na kujiona mgeni. Usione haya kuanza na alifu. Wala usiibeze fani mpya kwa kuipima kwa ile uliyoizoea. Ipime kwanza kwa kipimo chake yenyewe. Wabillahi tawfiq.