Madge Syers: Mwanamke Aliyezisoma Kanuni

Najua wengine mtashangaa. Tuko hapa Migwani, jua linachoma kama pasi ya makaa, halafu mtu anakuja kutuandikia habari za mchezo wa barafu! Barafu yenyewe wengi wetu tunaijua ile ya friji ya dukani tu. Lakini elimu haina mwisho, na isitoshe kisa cha leo si cha barafu pekee. Ni kisa cha mwanamke aliyeingia mashindanoni mahali ambapo hakuna aliyemtarajia, akafanya jambo jipya kabisa bila kuvunja kanuni hata moja. Jina lake ni Madge Syers, naye alifariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Wachezaji huvaa buti zilizotiwa chuma chembamba chini, mfano wa makali ya kisu, wakateleza juu ya barafu iliyo ngumu kama sakafu ya saruji. Hawashindani mbio. Wanashindania ustadi na madaha, na pembeni wamekaa waamuzi wakitoa alama. Kwa ufupi, ni kama tamasha la muziki tunaloenda sisi wanafunzi. Unaweza kucheza ngoma mpaka jasho likakutiririka, lakini mwenye kauli ya mwisho ni yule mwenye kalamu.

Enzi za Madge, mashindano hayo yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchora maumbo. Mchezaji aliteleza kwa mguu mmoja akachora duara, au namba nane, halafu akarudia kupita palepale alipopita mwanzo. Waamuzi walifika wakainama kutazama alama zilizobaki kwenye barafu. Ukiyumba kidogo tu, mstari unakusaliti. Sehemu ya pili ilikuwa ya kucheza utakavyo, na hapo ndipo kila mtu alitoa ubunifu wake. Basi mchezaji alitakiwa kuwa mtiifu kama karani asubuhi, kisha awe huru kama ndege jioni. Si jambo rahisi hata kidogo.

Madge alizaliwa London, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1881. Jina lake kamili la usichana lilikuwa Florence Madeline Cave. Baba yake alikuwa mjenzi, na nyumba yao ilikuwa na watoto 15. Hebu fikiria zamu za kuosha vyombo! Alipokuwa msichana, London ilikuwa na uwanja wa ndani wa klabu iliyoitwa Prince's, katika mtaa wa Knightsbridge, ambako barafu iligandishwa kwa mitambo. Huko ndiko alikojizoeza mpaka watu wakaanza kumjua.

Mwaka 1899 alikutana na Edgar Syers, mwanamume aliyekuwa mchezaji na mwalimu wa mchezo huo. Mwaka uliofuata wakaoana. Ndoa hii ilibadilisha uchezaji wake, na hapa inabidi turudi nyuma kidogo.

Waingereza walikuwa na mtindo wao wa kuteleza, mtindo mkavu. Mwili wima kama mlingoti wa bendera, mikono imebanwa ubavuni, uso hauna habari. Kwao, kurusha mikono kulikuwa utovu wa adabu. Lakini katika miaka ya 1860, Mmarekani mmoja aliyeitwa Jackson Haines, aliyekuwa mwalimu wa dansi, alivuka bahari akaenda Ulaya. Yeye aliteleza kama mtu anayecheza dansi, mwili mzima ukifuata muziki. Watu wa Vienna, mji wa wapenda muziki, walimpokea kwa mikono miwili. Haines alifariki mwaka 1875 huko Finland, mbali na kwao, lakini mtindo wake ukaenea Ulaya ukaitwa mtindo wa kimataifa. Edgar Syers alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kuupenda, naye akamhimiza mkewe aache ule ukavu. Madge akaacha. Huo ukawa ujasiri wake wa kwanza: kucheza kigeni nyumbani kwao, mbele ya watu waliokwisha kuamua nini ni heshima na nini si heshima.

Sasa tufike mwaka 1902. Chama cha kimataifa cha mchezo huu kilikuwa kimeundwa mwaka 1892, na mashindano ya dunia yalikuwa yameanza mwaka 1896 huko St Petersburg, Urusi. Mwaka huo wa 1902 yakapangwa kufanyika London. Kila mtu alijua ni mashindano ya wanaume. Ilijulikana hivyo tu, kama tunavyojua kwamba jua huchomoza mashariki. Lakini kumbe aliyezisoma kanuni angegundua jambo la ajabu: hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke haruhusiwi! Waandishi wa kanuni hawakulikataza kwa sababu halikuwapitia akilini.

Madge akajiandikisha. Maofisa wakakuna vichwa. Wangemzuia kwa kifungu kipi? Hakikuwepo. Basi wakamwacha aingie. Siku ya mashindano walikuwa wachezaji 4: yeye na wanaume 3. Ulrich Salchow wa Uswidi, bingwa wa dunia, akachukua nafasi ya kwanza. Ya pili ikaenda kwa Madge Syers. Wanaume 2 waliobaki, Martin Gordan wa Ujerumani na Horatio Torromé, wakawa nyuma yake. Naam! Wale waliodhani mama huyu amekuja kupamba uwanja walirudi nyumbani na somo.

Hapa ndipo utamu wa kisa unapogeuka uchungu. Badala ya kupongeza, chama cha kimataifa kilikutana mwaka 1903 kikapiga kura wanawake wasishindane tena na wanaume. Sababu zilizotolewa zilikuwa 3. Eti magauni marefu yanawazuia waamuzi kuona miguu. Eti ni vigumu kumlinganisha mwanamke na mwanamume. Na eti mwamuzi anaweza kukuta anayemtolea alama ni msichana anayempenda.

Ndugu msomaji, zipime sababu hizo moja moja. Ya kwanza ilikuwa na ukweli ndani yake, na Madge aliijibu kwa mkasi na sindano: akawa anashindana katika sketi iliyoishia katikati ya muundi, miguu ikaonekana kwa yeyote mwenye macho. Kwa wakati ule, mwanamke wa heshima kuonyesha vifundo vya miguu hadharani halikuwa jambo dogo. Ya pili ilikuwa imekwisha kujibiwa kwenye barafu ya London, ambako waamuzi walimlinganisha na wanaume wakaona anawashinda 2. Hiyo ya tatu ndiyo inayochekesha. Ikiwa mwamuzi ameshindwa kuuzuia moyo wake, kwa nini afukuzwe mchezaji? Mwenye kosa ni mwenye kalamu, lakini adhabu akapewa msichana. Nadhani hata sisi tumewahi kuona mambo ya namna hiyo, na si lazima tuende Ulaya kuyatafuta.

Madge hakukaa chini akalia. Mlango wa dunia ulikuwa umefungwa, lakini wa nyumbani ulikuwa wazi. Mwaka huohuo wa 1903 Uingereza ilianzisha mashindano yake ya taifa, wanawake na wanaume pamoja. Madge akashinda, akimwacha Torromé nyuma kwa mara nyingine. Mwaka 1904 akashinda tena, na safari hii aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Edgar, mume wake! Mwalimu akashindwa na mwanafunzi, tena mbele za watu. Wanaume wangapi hapa kwetu wangerudi nyumbani siku hiyo bila kununa? Lakini hao waliendelea kuteleza pamoja.

Maji yakifuata mkondo hatimaye hupata njia. Chama cha kimataifa kiliona kwamba hakiwezi kuendelea kujifanya hakimwoni mwanamke huyu. Kikaanzisha mashindano ya wanawake, na ya kwanza yalifanyika mwaka 1906 huko Davos, Uswisi. Mshindi? Madge Syers. Mwaka 1907 yakafanyika Vienna, mji uleule uliompenda Haines. Mshindi tena Madge. Mwanzoni ushindi huo haukupewa jina la ubingwa wa dunia kama ule wa wanaume. Heshima hiyo ilitambuliwa baadaye.

Kilele chake kilikuwa Oktoba 1908. Michezo ya Olimpiki ilikuwa London, na mchezo wa barafu ukaingizwa kwa mara ya kwanza, ingawa Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa bado haijazaliwa, maana ilianza mwaka 1924. Waamuzi wote walimweka Madge nafasi ya kwanza. Siku hiyo hakukuwa na ubishi. Alipata medali ya dhahabu, kisha akapata ya shaba katika mchezo wa wawiliwawili pamoja na Edgar. Akawa bingwa wa kwanza wa kike wa Olimpiki katika mchezo huu.

Baada ya hapo afya ilianza kumwangusha, akastaafu mashindano. Hata hivyo kalamu hakuiweka chini. Mwaka 1913 yeye na mumewe walitoa kitabu cha kufundisha ule mtindo wa kimataifa, ili ujuzi wao usizikwe nao. Ugonjwa wa moyo ulimchukua tarehe 9 Septemba 1917, siku chache kabla hajatimiza miaka 36. Lakini kila msichana anayepanda kwenye barafu leo ni mjukuu wake kwa namna fulani. Sonja Henie wa Norway alipokuja miaka ya 1920 na sketi fupi zaidi na dansi ya kuvutia zaidi, alipita njia ambayo Madge alikuwa ameifyeka.

Tusidhani kwamba ugomvi wa ubunifu na kanuni uliisha siku hizo. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, mwanamke mweusi wa Ufaransa, Surya Bonaly, aliruka sarakasi ya kinyumenyume akatua kwa mguu mmoja, ingawa mruko huo ulikuwa umepigwa marufuku. Watazamaji wakashangilia, waamuzi wakamkata alama. Mwaka 2024 chama kilekile cha kimataifa kikaondoa marufuku hiyo. Tazama tofauti: Bonaly alivunja kanuni akalipa gharama yake. Madge hakuvunja kanuni, naye pia akalipa gharama. Lakini katika visa vyote viwili kanuni ndizo zilizogeuka mwishowe.

Sasa sisi wa Kitui tunapata nini hapa? Wakamba tunasifika kwa ngoma za kuruka na kupinduka hewani, na wahenga wetu hawakupewa alama na mtu. Lakini leo tukienda tamashani tunakwenda na karatasi ya kanuni, na wengi tunaiogopa kama karatasi ya mtihani wa hesabu. Tunaiga shule iliyoshinda mwaka jana: wimbo uleule, miondoko ileile, hata tabasamu lilelile! Madge anatufundisha kwamba kanuni isomwe yote, mstari kwa mstari, si kwa sababu ya kuogopa yaliyokatazwa bali kuona ni mangapi ambayo hayakukatazwa. Mazoea si sheria. Mambo mengi tunayoambiwa hayawezekani, hasa wasichana, ukiuliza yameandikwa wapi hutaonyeshwa ukurasa.

Pia anatufundisha kwamba ujasiri peke yake hautoshi. Angeingia mwaka 1902 akaanguka kila hatua, wangecheka, na mlango ungefungwa kwa vicheko. Aliingia akiwa tayari. Namba nane yake ilikuwa imenyooka kabla hajawaonyesha mambo mapya. Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza kiwe chema.

Haya basi, wasichana kwa wavulana, tamasha lijalo tusiende kunakili. Tukutane katika toleo lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini!