Maisha ya Heinrich Hertz

Wenzangu, napenda kuwasimulia habari za Heinrich Hertz, ambaye kwa jina lake twahesabu megahezi za redio.

Alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1857. Tangu utotoni alipenda kazi za mikono. Akiwa mwalimu huko Karlsruhe, mwaka 1887, alinyoosha waya mbili, akaacha nafasi ndogo katikati, akarusha cheche ya umeme. Mbali kidogo, katika pete ya waya isiyounganishwa na kitu, ikatokea cheche nyingine ndogo. Ndipo ikathibitika kuwa mawimbi ya umeme husafiri bila waya.

Antena zetu zimetokana na waya zile. Nami nikitaka kusikiliza megahezi 7, hutundika waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati, yaani nusu ya wimbi. Waya huo huo hufaa megahezi 21, maana huenea nusu tatu.

Hertz alifariki Bonn tarehe 1 Januari 1894, mwenye miaka 36, asione simu ya upepo. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa, wakaushambulia mji wetu wa Bukoba ili kuharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani.

Basi, tusidharau cheche ndogo.